Kiluwiluwi na Kompyuta



Katika baraza zetu hapa Maskati, mwaka huu limezuka swali juu ya binti mmoja wa ukoo wetu: je, mfuko wa masomo umsaidie, naye anataka kupiga hesabu za namna wanyama wanavyoogelea? Wazee wenzangu wanasema heri angesomea udaktari. Nami niliyefundisha hesabu miaka mingi naomba kutoa rai yangu.

Kiluwiluwi, mtoto wa chura, sote tunamjua: kichwa kama gololi, mkia kama utepe, na akienda hutikisika mwili mzima. Kwa umbo hilo alidhaniwa kuwa muogeleaji duni mbele ya samaki. Mwaka 1996 wataalamu watatu, Hao Liu, Richard Wassersug na Keiji Kawachi, walichapisha utafiti uliomwigiza ndani ya kompyuta. Walitumia umbo na mwendo uliopimwa kwa viluwiluwi hai. Maji yaliyomzunguka yaligawanywa mfano wa macho ya wavu, na kwa kila jicho kompyuta ikahesabu kasi ya maji na msukumo wake; kisha ikasogeza wakati kidogo, ikahesabu tena, na tena.

Jawabu lilikuwa kwamba kiluwiluwi hutumia nguvu zake vizuri, wala haachwi mbali na samaki. Tena baina ya kiwiliwili na mkia pana mahali ambapo maji karibu yametulia, na hapo hapo ndipo inapoota miguu ya nyuma. Basi huota miguu bila ya kuharibikiwa na mwendo. Lililodhaniwa kasoro, kumbe ni maandalizi ya kuishi nchi kavu.

Lakini kompyuta haina ilimu yake yenyewe. Ikipewa vipimo vibovu hutoa majibu mabovu. Ndiyo sababu anatakiwa mtu ajuaye hesabu, na mwenye subira ya kumtazama mnyama mwenyewe.

Na kwa wanaotaka udaktari: mwaka 1972, huko Marekani, Charles Peskin alitoa njia ya kuhesabu damu inavyopita kwenye vali za moyo. Mwaka 1988 yeye na Lisa Fauci waliitumia njia hiyo hiyo kwa viumbe waogeleao. Hesabu ni moja, iwe ya damu au ya maji.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba binti huyu asaidiwe, asome alichokichagua. Wabillahi tawfiq.