Mbegu za Maua Zilizokwenda Kasoli

Wanachama wetu, mara nyingi katika ukurasa huu twasema habari za mikarafuu: vitalu, magugu, mchwa na bei. Safari hii twataka kusema habari za maua ya uani, na hapana budi tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Bibi mmoja mwanachama wetu, mwenye shamba hapa Pemba, anaye binti aliyeolewa Kasoli, wilaya ya Bariadi, katika mkoa wa Simiyu. Asiyeijua nchi hiyo na ajue kuwa ni bara, Usukumani, nchi ya pamba na ng'ombe, na kiangazi chake ni kikali. Binti alimpigia mama yake simu akamwambia, "Mama, huku sikukosa kitu ila harufu ya nyumbani." Mama akafungasha mbegu za mrehani, mbegu za zinia na konzi moja ya mbegu za karafuu, akaja ofisini tumwandikie maelezo ya kupandia. Ilikuwa siku ya watu wengi. Tukaandika upesi upesi: panda kivulini, fukia kiasi cha pingili ya kidole, mwagia maji asubuhi na jioni, udongo usikauke.

Maelezo hayo ni mazuri kwa mkarafuu. Kwa maua yale yalikuwa maangamizi. Binti alichukua maji kisimani kwa ndoo muda wa wiki tatu, akimwagia ardhi tupu chini ya mwembe. Hakikuota kitu. Alipopiga simu tena hakulalamika, aliuliza tu kama labda mkono wake hauna baraka. Mama yake alipotuletea maneno hayo tuliona haya. Mkono wake ulikuwa mzima. Kalamu yetu ndiyo iliyokosa.

Yafaa tueleze sababu, kwani wengi wetu tuna desturi ile ile. Punje tunayoianika jamvini si mbegu, ni ua ambalo halijafunguka. Likiachwa mtini hufunguka, kisha huzaa tunda lenye rangi ya zambarau, na ndani ya tunda ndimo mna mbegu. Mbegu hiyo ni ya majimaji: ikikauka imekufa, na hata ikitunzwa haikai ila wiki moja au mbili. Ndiyo maana twaimenya na kuipanda mbichi, chini ya kivuli. Konzi ile iliyopanda meli na mabasi bila shaka ilikuwa imekwisha kufa kabla ya kufika Bariadi. Na hata ingaliota, kiangazi cha huko kingaliumaliza mche.

Mbegu za zinia na mrehani ni kinyume chake. Hizo hulala zikiwa kavu, na zikitiwa katika karatasi ndani ya chupa yenye kizibo, pasipo joto wala unyevu, huishi miaka kadhaa. Zinia asili yake ni Meksiko, na lataka jua la kutwa. Kivulini hurefuka kama mtu anayechungulia dirishani, kisha huanguka. Mbegu ya mrehani ni ndogo mno, nyeusi, na ikipata maji hujivika ute. Ukiifukia pingili nzima haina nguvu ya kutoka. Hunyunyizwa juu ya udongo laini, ikafunikwa kwa mchanga kidogo tu, ule wa kupitisha vidoleni.

Mara ya pili tuliandika karatasi mbili, tukamsomea mama neno kwa neno. Tulimwambia binti asihangaike na ndoo, angoje mvua za mwezi wa Novemba. Kule kuna udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa mvua hunata miguuni. Basi ainue tuta, achanganye mchanga na samadi ya ng'ombe iliyooza vema. (Samadi kwao si ya kutafuta. Hapa kwetu twaililia.) Ua wa minyaa, kama Wasukuma wanavyozungushia miji yao, utazuia mbuzi, lakini utomvu wake usiingie machoni. Miche ikipata majani manne iliyosongamana ing'olewe, au ihamishwe jioni jua likipoa. Maji yamwagwe shinani wala si majanini, maana jani la zinia lililolowa hupata magonjwa kwa urahisi.

Hayo ni maua ya msimu mmoja: huota, huchanua, huacha mbegu, hufa. Kwa mtu anayetaka kitu cha kukaa miaka tulimtajia vinka, kile kichaka kifupi chenye maua ya waridi au meupe ya petali tano, asili yake Madagaska. Huota kwa mbegu, na mbegu yake hupenda giza, basi yafukiwe kidogo mpaka ichipue. Huvumilia ukame. Mti wake una sumu. Hospitali hupata humo dawa za saratani ya damu, lakini kuuchemsha nyumbani ni hatari, na watoto wakanywe. Asumini na waridi usizitafutie mbegu. Asumini yetu huzaa mbegu kwa nadra, na waridi la mbegu halifanani na mama yake. Hizo ni za vipandikizi.

Zinia lilichipua siku ya tano, mrehani siku ya nane. Binti alipofunga kikuba chake cha kwanza, cha mrehani mtupu bila asumini wala kilua, alimpigia mama yake simu, na mama akaja mpaka ofisini kutwambia, ingawa siku hiyo hakuwa na shughuli nyingine mjini.

Tumepokea kutoka Kasoli bahasha ya mbegu za zinia. Alizichuma kama inavyotakiwa: aliacha vichwa vikauke mtini mpaka vikawa vya kahawia, akachuma umande ulipokwisha, akaanika kivulini, akaandika jina na tarehe. Angalizo moja: ukinunua dukani mbegu za chotara, watoto wake hutofautiana, usishangae.

Mwenye kutaka mbegu hizi na aje ofisini asubuhi, aje na karatasi yake ya kufungia, achukue punje kumi na tano, si zaidi, zitoshe wengine. Maelezo ya maua sasa tumeyaandika katika karatasi ya manjano na ya karafuu katika karatasi nyeupe. Tafadhali tazameni rangi kabla ya kuondoka.