Hati ya The Hague, Pingu za Nairobi

Tarehe 27 Agosti 2010, katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, Rais Mwai Kibaki alitia saini Katiba mpya ya Kenya. Miongoni mwa wageni wa heshima alikuwemo Rais Omar al-Bashir wa Sudan, aliyekuwa akisakwa kwa hati mbili za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC. Alikuja, akaketi, akaondoka. Hakuna askari aliyemgusa.

ICC ilikuwa wapi? Swali hilo nalisikia mpaka leo, na kila mara linaelekezwa siko. Mahakama hiyo, yenye makao The Hague, haina polisi hata mmoja. Kinachotoka The Hague ni karatasi. Pingu ni za nchi iliyoridhia Mkataba wa Roma, uliounda mahakama hiyo, nayo Kenya iliuridhia mwaka 2005. Lakini askari wa Nairobi hamkamati mtu kwa mkataba, humkamata kwa sheria ya nchi yake. Kwa hiyo kifungu cha 88 cha mkataba kinaidai kila nchi mwanachama iwe na utaratibu wake wa ndani.

Kenya ilikuwa nao. Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008 ilianza kutumika Januari 2009: ombi la ICC hupitia kwa waziri, na jaji wa Mahakama Kuu hutoa hati. Mshukiwa akishakamatwa, jaji huangalia kama ndiye hasa anayetakiwa, na kama haki zake zimeheshimiwa. Kuuliza kama wenzake wa The Hague walikosea kutoa hati, hilo si lake.

Serikali ilijitetea kwa azimio la Umoja wa Afrika la 2009, lililowataka wanachama wasishirikiane na ICC katika suala la Bashir. Utetezi dhaifu, kwa maoni yangu, maana Katiba ileile aliyoishuhudia mgeni huyo inasema, katika kifungu cha 2(6), kuwa mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria zake.

Tawi la Kenya la Tume ya Kimataifa ya Wanasheria likaenda kortini. Novemba 2011, Jaji Nicholas Ombija aliamuru Bashir akamatwe akikanyaga tena Kenya. Khartoum ilighadhibika, ikamwamuru balozi wa Kenya afunge virago. Mahakama ya Rufaa ilitoa uamuzi wake mwaka 2018: Serikali ilikiuka wajibu wake kwa kumwacha aondoke.