Tunaomba Parokia za Kujaribu Programu ya Hesabu

Programu ya kompyuta ya kutunza hesabu za parokia inakaribia kukamilika. Kabla ya kuisambaza mkoani Songwe, tunaziomba parokia za Tunduma, Vwawa na Mlowo zijitokeze kuijaribu.

Wengine wameuliza kwa nini wataalamu wasiimalize wenyewe. Mwaka 2005 nchini Kenya, M-Pesa ilianza kwa majaribio ya wateja wapatao 500. Lengo lilikuwa kurahisisha marejesho ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, lakini wateja wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma fedha ndiko kulikotangulizwa. Mtaalamu aliyeketi ofisini asingeliona hilo peke yake.

Hapa kwetu mpakani, sadaka huja kwa shilingi na kwacha katika kapu moja. Je, programu itazitenganisha? Umeme ukikatika, yaliyoandikwa yatabaki? Mtunza hazina asiyezoea kompyuta atakwama wapi? Tuandikieni yote, hata malalamiko matupu. Hayo ndiyo yanayotufaa zaidi.

Majaribio yana hatari yake: programu yenye kasoro inaweza kuvuruga hesabu ya fedha za waumini. Kwa hiyo daftari liendelee kuandikwa kila Jumapili, na likitofautiana na kompyuta, daftari ndilo lifuatwe. Wafadhili nao wataendelea kupokea taarifa zitokanazo na daftari hadi majaribio yaishe.

Kamati itakayokubali iandike uamuzi huo katika muhtasari wa kikao, iteue watu wawili, mmoja wao mtunza hazina, kisha itujulishe.