Blanketi la Farasi Halichaguliwi kwa Baridi Yako

Makomredi, ukimwona farasi amesimama nje kwenye baridi, kitu cha kwanza unachofanya ni kujipima wewe mwenyewe. Umevaa sweta mbili, meno yanagongana, basi unaona na yeye anateseka. Huruma ni nzuri, ila kwa farasi huruma ya namna hiyo inaweza kuleta hasara. Mwili wake una tanuri ndani na koti nje. Ukimfunika bila kujua hivyo viwili vinafanyaje kazi, unaweza kumwacha na baridi zaidi kuliko ungemwacha alivyo.

Najua mtauliza, mwanafunzi wa ualimu na farasi wapi na wapi? Baba yangu ni saisi, yaani mtunza farasi, kwenye mabanda ya pembeni mwa Nairobi. Karo yangu imetoka huko, kwenye samadi na brashi. Kaka yangu naye alifuata kazi hiyo hiyo, na sasa amepata mkataba kwenye mabanda ya kusini mwa Uingereza. Anaanza Novemba, na miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio. Ameshaambiwa kwamba kila jioni ataamua farasi yupi avae blanketi lipi. Akaniambia, "Mwalimu, nitengenezee jedwali. Nyuzi hizi, blanketi hili, basi."

Jedwali nimempa, ila nimemwambia kwanza aelewe kinachoendelea chini ya blanketi. Tunavyofundishwa darasani, anayekariri jibu hukwama swali likigeuzwa kidogo, na hali ya hewa ya Uingereza hugeuza swali mara nne kwa siku.

Tuanze na tanuri. Farasi hula nyasi kavu karibu asilimia 2 ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 500 anamaliza kama kilo 10. Nyasi hizo huchachuka kwenye utumbo mkubwa kwa kazi ya vijidudu, na uchachukaji huo hutoa joto saa nyingi baada ya kula. Kwa hiyo usiku wa baridi kali, kitu cha kwanza cha kuongeza ni nyasi. Blanketi halitengenezi joto lolote. Linazuia tu lile ambalo farasi mwenyewe ametengeneza lisitoroke.

Halafu koti. Manyoya ya farasi husimama akisikia baridi, na hewa inayonaswa katikati yake ndiyo inayomkinga. Manyoya marefu ya majira ya baridi hayaletwi na ubaridi peke yake. Ishara kubwa ni mchana kuwa mfupi. Kusini mwa Uingereza mwezi Juni mchana hufika saa 16 na zaidi, na Desemba hushuka hadi kama saa 8. Mwili wa farasi husoma mabadiliko hayo na kuanza kuotesha manyoya mazito kabla baridi yenyewe haijafika. Sisi hapa Nairobi tuko karibu na Ikweta, mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo ishara hiyo ni hafifu sana. Ndiyo maana kaka atashangaa kukuta farasi wenye manyoya kama kondoo, ambao hajawahi kuwaona huku hata Julai.

Sasa ona hatari ilipo. Ukimwekea farasi wa namna hiyo blanketi jembamba, unayalaza manyoya. Hewa iliyonaswa inatoka, na kitambaa chenyewe hakina unene wa kuchukua nafasi yake. Umemvua koti zuri, ukamvisha shati.

Je, farasi huanza kusikia baridi lini? Makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu ni haya: mwenye manyoya mafupi ya kiangazi huanza kutumia nguvu za ziada kujipasha joto kwenye nyuzi 5 hivi za Selsiasi. Mwenye manyoya kamili ya baridi, aliyekauka na mwenye afya, huvumilia hadi karibu nyuzi 8 chini ya sifuri. Lakini manyoya yakilowa, baridi huanza kumuuma mapema kabisa, kwenye nyuzi 15 hivi, kwa sababu maji yamechukua nafasi ya hewa.

Soma tena hiyo ya mwisho. Kusini mwa Uingereza mwezi Januari, mchana huwa nyuzi 7 au 8, na usiku kama 2 au 3. Farasi mkavu mwenye manyoya yake anazimudu hizo bila wasiwasi. Kinachomwangusha ni mvua pamoja na upepo. Kwa hiyo swali la kaka kila jioni halitakuwa "kuna nyuzi ngapi?" tu. Litaanza na "atalowa?" na "ana mahali pa kujikinga?"

Wapo wanaohitaji blanketi kweli: farasi mzee, aliyekonda, mgonjwa, au aliyeletwa juzi kutoka nchi ya joto. Yupo pia aliyenyolewa. Farasi wa mashindano na wa kazi nzito hunyolewa majira ya baridi kwa sababu manyoya marefu yakijaa jasho hayakauki haraka, na anabaki na ubaridi hadi usiku. Ukishamnyoa, umemnyang'anya koti, na deni hilo unalilipa kwa blanketi kila siku hadi manyoya yarudi.

Baada ya kujua nani anahitaji, ndipo unaangalia aina. La malishoni huwa na kitambaa cha juu kisichopitisha maji lakini kinachoruhusu mvuke wa jasho kutoka. La bandani ni la joto tu, halizuii maji, na ukimtoa nalo kwenye mvua litakunywa maji kama sponji. Kuna pia la kukaushia, laini, la kuvaa kwa muda baada ya mazoezi ili livute jasho. Hilo huvuliwa jasho likikauka.

Lebo ina namba mbili zinazochanganya watu. Ya kwanza ni gramu, yaani uzito wa pamba ya ndani kwa kila mita moja ya mraba. Gramu 0 ni koti la mvua tu, halina pamba. Gramu 50 hadi 100 ni jepesi, 150 hadi 250 ni la wastani, na 300 kwenda juu ni zito. Ya pili ni denia, unene wa uzi wa kitambaa cha juu: uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Denia 600 ni ya kawaida, 1200 ni ngumu zaidi. Denia haihusiani na joto. Inahusu kuchanika. Farasi anayecheza kwa kung'atana na wenzake anahitaji denia kubwa hata kama gramu ni 0.

Halafu kipimo. Uingereza hupima kutoka katikati ya kifua, ubavuni, hadi mwisho wa tako, na saizi huandikwa kwa futi na inchi, zikipanda kwa inchi 3. Blanketi dogo huchuna mabega, na kubwa huteleza likageukia tumboni, farasi akalikanyaga. Likishafungwa, kiganja kipite vizuri pale shingo inapokutana na mgongo. Mikanda ya tumboni iache nafasi ya upana wa kiganja, na ya mapajani vivyo hivyo. Unapomvisha, liweke mbele kidogo kisha livute kurudi nyuma, manyoya yalale yanakoelekea. Ukilivuta kwenda mbele, yatapinda na kumwasha usiku kucha.

Na ukishamvisha, kazi haijaisha. Ingiza mkono chini ya blanketi, nyuma ya bega. Ngozi ikiwa na joto na kavu, umepatia. Ikiwa na unyevunyevu wa jasho, umezidisha, na jasho hilo litakuwa baridi yake ya usiku. Akitetemeka, umepunguza. Kila siku livue kabisa umpapase mbavu, maana blanketi huficha mengi. Farasi anaweza kukonda wiki tatu chini yake, au kutoka kidonda begani, na wewe unapita ukisema anapendeza.

Jedwali nililompa kaka liko kwenye karatasi moja. Safu ya nyuzi niliiweka mwisho kabisa. Kabla yake kuna maswali matano: amenyolewa? Atalowa? Ana kinga ya upepo? Ni mzee au amekonda? Nyasi zipo za kutosha? Akijibu "hapana" kwa la kwanza, la pili na la nne, na "ndiyo" kwa la tatu na la tano, mara nyingi hahitaji blanketi lolote, hata kama mwajiri mwenyewe amejikunyata ndani ya makoti matatu.

Baba aliisoma akaongeza kwa kalamu, chini kabisa: "Mkono kwanza, lebo baadaye." Yeye hajawahi kuona theluji, lakini anawajua farasi. Kaka ameshaikunja ndani ya pasipoti.