Kitenzi "yield" na Mipaka ya Kusalimu Amri

Mwanafunzi wa tafsiri akikutana na kitenzi cha Kiingereza "yield", mara nyingi hukimbilia nahau ya kusalimu amri. Nahau hiyo humfaa askari aliyeweka silaha chini. Haimfai dereva aliyesimama kwenye makutano ya barabara, sembuse shamba la mahindi. Hata hivyo, Kiingereza huwatumia wote watatu neno moja, na sababu yake ni ya kihistoria.

Katika Kiingereza cha kale, "gieldan" kilimaanisha kulipa. Kina nasaba moja na neno la Kijerumani "Geld", yaani fedha. Ardhi humlipa mkulima jasho lake, na aliyeshindwa humlipa mshindi anachodaiwa. Maana ya malipo imefifia, zikabaki mbili zilizotokana nayo: kutoa zao na kumwachia mwingine. Kwa kawaida kihusishi "to" huashiria hii ya pili, ingawa anayeachia madaraka huweza kutajwa kwa yambwa tu, bila kihusishi hicho.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. Shamba hutoa magunia, mwembe huzaa, hatifungani huleta faida. Katika uwanja wa kuachia, maneno hutofautiana kwa kigezo cha hiari. Kusalimu, kitenzi chenye asili ya Kiarabu, leo ni kuamkia. Maana yake ya kukabidhi imehifadhiwa katika nahau iliyotajwa na katika kusalimisha, na anayekabidhi huwa amezidiwa. Kupisha ni kitu kingine kabisa. Ni kauli ya kusababisha ya kupita, ambamo /t/ imegeuka /sh/: anayepisha humfanya mwenzake apite, na hakuna aliyeshindwa. Kwa hiyo alama ya barabarani inayoandikwa "YIELD" Marekani na "GIVE WAY" Uingereza haina tafsiri fupi na sahihi kuliko "Pisha".

Ugumu halisi umo katika lugha ya habari. Serikali ikielezwa kwa kitenzi hiki mbele ya wafanyakazi waliogoma, Kiingereza hakilazimiki kusema ilikubali kwa moyo gani. Mtafsiri wa Kiswahili hana nafasi hiyo ya kujificha. Akiandika kwamba ilisalimu amri, ameitangaza kuwa imeshindwa. Akiandika kwamba ililegeza msimamo, hatamu bado zimo mikononi mwake. Akiandika kwamba iliridhia, mgomo wenyewe karibu unatoweka katika sentensi.