Insafu Katika Meza ya Maabara

Nchi ya Shinyanga na Geita, ambayo tangu John Williamson alipovumbua almasi ya Mwadui mwaka 1940 hadi mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000 haikuacha kutoa mali ardhini, bado haijawapa binti zake haki yao katika madarasa ya sayansi ya vyuo, na wengi hudhani kuwa dawa ya upungufu huo ni kuongeza idadi ya wanaosajiliwa.

Idadi siidharau. Shule za sayansi za wasichana zinazojengwa mkoa kwa mkoa, na ruhusa ya mwaka 2021 ya kuwarejesha masomoni waliokatizwa na ujauzito, ni fadhila kubwa mahali ambapo ng'ombe wa mahari wamewatoa mabinti wengi darasani kabla ya wakati. Walakini itazameni meza moja ya kemia, wanafunzi wanne na bureti moja: aghalabu mvulana ndiye afunguaye koki na kuivizia rangi igeuke, na msichana, ati kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri, huachiwa daftari, hata muhula ukiisha, wote wana majibu yale yale kwenye karatasi, ilhali mkono wa mmoja haujajifunza kitu.

Tena kuna mifano itumiwayo kufundishia. Katika mialo ya wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama wamo wanawake tele waoshao mchanga uliosagwa kwenye karasha, wakauchanganya na zebaki ili ikamate dhahabu, kisha wakalichoma bonge la zebaki na dhahabu linalopatikana. Na zebaki, ichemkayo kwa nyuzi 357 za Selsiasi, hutoa mvuke usioonekana unaoingia mapafuni, na kwa mjamzito humfikia hata mtoto tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na kazi hiyo ingali ikiendelea. Binti aliyelelewa mwaloni ameishuhudia kemia hii kwa macho yake, lakini chuoni husomeshwa kwa Kiingereza mifano ya viwanda vya ng'ambo, naye hunyamaza, na kimya chake kikahesabiwa kuwa ni uzito wa akili. Hiyo ni dhuluma.

Basi nawasihi wakufunzi wenzangu: wekeni zamu ya bureti na muisimamie wenyewe, ruhusuni swali liulizwe kwa Kiswahili, na somo la metali lianzeni kwa zebaki ya mwaloni, mkimwomba aijuaye aeleze kwanza.