Kiatu cha Mwanamke Mbele ya Meza ya Forodha

Leo twataka kueleza jambo ambalo watu wengi hulilipia pasipo kulijua, nalo ni namna viatu vya wanawake viletwavyo kutoka ng'ambo vinavyopewa namba forodhani. Kabla kiatu hakijafika dukani, hupita kwanza mbele ya karani wa forodha, na ushuru anaoutoza huingia katika bei ya mnunuzi.

Siku moja, katika chuo chetu cha ualimu, tuliweka mezani jozi nne za viatu vya kike, tukawaambia wanafunzi wavipange kama karani apangavyo. Mmoja akavipanga kwa rangi. Wa pili kwa urefu wa visigino. Wa tatu akatenga vya harusi na vya kila siku. Wote walikosa. Karani haanzi kwa kuuliza kiatu kitavaliwa wapi. Hukigeuza juu chini, akauliza mambo mawili: soli ni ya kitu gani? Na uso wa kiatu, yaani sehemu ya juu ifunikayo mguu, ni wa kitu gani?

Kanuni hii si ya bandari moja. Mataifa yalipatana huko Brussels mwaka 1983 juu ya orodha moja ya bidhaa zote, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Jumuiya ya Afrika Mashariki huifuata katika ushuru wake wa pamoja, ulioanza mwaka 2005. Katika orodha hiyo viatu vimo katika mlango wa 64.

Kifungu 64.01 ni cha viatu visivyopitisha maji, vya mpira au plastiki juu na chini, visivyoshonwa wala kupigiliwa misumari, mathalani buti za mvua. Viatu vingine vya mpira au plastiki juu na chini huingia 64.02. Vyenye uso wa ngozi huingia 64.03, na vyenye uso wa kitambaa 64.04, ikiwa soli zao ni za mpira, plastiki au ngozi. Vilivyobaki, kama vyenye soli ya mbao, huingia 64.05. Hata kanda mbili zina mahali pao ndani ya 64.02, kwa kuwa gidamu zake hushikwa na vifundo vipenyavyo soli. Na makubadhi yenye soli ya ngozi, na mikanda ya ngozi ipitayo juu ya wayo na kuzunguka kidole gumba, yana mahali pao ndani ya 64.03.

Lakini kiatu cha mwanamke mara nyingi huwa na mchanganyiko: kitambaa hapa, ngozi pale, ua la hariri na bizimu ya shaba. Basi tufanyeje? Kanuni yasema tutazame kitu kilichoenea zaidi kwa nje katika uso wa kiatu. Mapambo, bizimu, na mapindo ya ukingoni hayahesabiwi. Kwa soli, hutazamwa kile kigusacho ardhi kwa eneo kubwa zaidi, wala misumari haihesabiwi. Hivyo kiatu cha kitambaa kilichotiwa ukingo wa ngozi hubaki kiatu cha kitambaa.

Yafaa tuonye pia juu ya ngozi ya bandia. Kitambaa kilichopakwa plastiki kwa nje, hata plastiki ile ikaonekana kwa macho matupu, huhesabiwa kuwa plastiki. Kinang'aa kama ngozi, lakini mahali pake si 64.03. Mitumba nayo hutoka kabisa katika mlango huu, ikaenda kifungu 63.09, iwapo viatu vyaonyesha dhahiri kuwa vimekwisha kuvaliwa, na vimeletwa kwa wingi katika marobota au magunia.

Namba hizi zina uzito kwa mfuko wa mtu. Katika Afrika Mashariki viko viwango vya 0, 10 na 25 kwa mia, na tangu tarehe 1 Julai 2022 kiko na cha 35. Ushuru huhesabiwa juu ya bei ya mali pamoja na bima na nauli. Tuseme Mama mmoja ameleta jozi 200, na jumla ya hayo yote ni shilingi 5,000,000. Kwa 25 kwa mia atalipa shilingi 6,250 kwa kila jozi; kwa 35 atalipa 8,750. Tena kama hati zake zasema "ngozi", na karani akakuta plastiki, shehena yaweza kuzuiwa na yeye kutozwa faini. Na kila siku ya kungoja bandarini yaweza kuwa na malipo yake.

Mtauliza: je, neno "mwanamke" halimo kabisa? Katika orodha ya mataifa yote, tarakimu sita za kwanza za viatu hazitengi mume na mke. Bali kila nchi yaweza kuongeza tarakimu zake. Marekani imefanya hivyo: ushuru wa msingi wa viatu vingi vya ngozi vya wanaume ni 8.5 kwa mia, na vya wanawake 10 kwa mia. Kwa jozi ya dola 40, mwanamke huongezewa senti 60. Wafanya biashara walishitaki, wakidai huo ni ubaguzi. Lakini mwaka 2013 mahakama ya rufani iliwakatalia, ikisema hawakuonyesha kwamba Baraza la Kongresi lilikusudia kubagua. Kama kukosa kusudi kwaondoa uzito wa zile senti 60, kila msikilizaji na apime mwenyewe.

Nanyi mnaotaka kuagiza viatu, msiridhike na jina aliloandika muuzaji. Ombeni kwanza jozi moja, mkigeuze kiatu, mpime uso wake, na mwandike katika hati kile mlichokiona, kabla shehena haijapakiwa melini.